Dhamana ya dola 25,000 ya wachimba visima wa California: tathmini ya mteja

Katika jimbo la California, Marekani, hakuna anayeruhusiwa kumchimbia mteja kisima cha maji, kukirekebisha, wala kukifunga rasmi kisipohitajika tena, isipokuwa awe na leseni ya ukandarasi ya daraja la C-57. Leseni hiyo hutolewa na Bodi ya Leseni za Wakandarasi ya jimbo, ambayo watu wote wa huku huiita CSLB, na haitolewi wala haibaki hai mpaka mkandarasi awe ameweka dhamana ya dola 25,000 iliyoandikwa na kampuni ya udhamini yenye idhini ya kufanya biashara jimboni. Tathmini hii inahusu dhamana hiyo yenyewe. Naihesabu kuwa huduma ambayo mteja anailipia bila kuiona, kwa kuwa gharama yake imeshaingizwa katika bei ya kila futi anayotajiwa. Nimeitazama kama mwenye nyumba aliyechimbisha kisima katika vilima vya kaunti ya Madera, chini ya milima ya Sierra Nevada, na pia kama mtu aliyewasaidia jamaa zake kupanga makaratasi walipolazimika kudai fedha za dhamana ya namna hiyohiyo.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke. Kama kichujio cha kumpima mkandarasi kabla ya kusaini mkataba, dhamana hii inafaa sana, na ningeipa alama za juu. Kama njia ya kumrudishia mteja fedha zake kazi ikiharibika, ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaosoma ubavuni mwa malori ya wachimbaji kwamba kampuni ina leseni, dhamana na bima, wakayachukua maneno hayo matatu kuwa kitu kimoja.

Si kitu kimoja hata kidogo. Bima ya mkandarasi humlinda mkandarasi mwenyewe, ilhali dhamana humhusu mtu wa tatu. Mkandarasi analipa ada ya kila mwaka, ambayo kwa mwenye historia nzuri ya mikopo huwa ni mamia ya dola tu, na kampuni ya udhamini inaahidi mbele ya serikali kwamba, endapo mwenye leseni atavunja sheria ya ukandarasi na kumtia mtu hasara, itamfidia mtu huyo hadi kufikia kiwango kilichowekwa. Kisha itamgeukia mkandarasi imdai kila senti iliyotoka, kwa sababu alipoomba dhamana alitia saini mkataba wa kuilipa. Ni kama ndugu anayekwenda kituo cha polisi kumdhamini mwenzake: amekubali kubeba mzigo kwa muda, lakini hajakubali kuumiliki. Ndiyo maana kampuni ya udhamini haina haraka ya kulipa. Kila dola inayotoa ni dola itakayohangaika kuirejesha kutoka kwa mtu ambaye pengine amekwishafilisika, na ikilipa bila ushahidi wa kutosha, mkandarasi atasimama na kusema imelipa deni lisilo lake.

Kiwango chenyewe kimekuwa kikipanda polepole. Mwaka 2007 kilifikia dola 12,500, mwaka 2016 kikawa dola 15,000, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ni dola 25,000. Kwa mpaka rangi au mfunga vigae kiwango hicho si haba, kwa kuwa kazi nyingi za watu hao hazizidi hapo. Lakini sheria haimtofautishi mpaka rangi na mchimba kisima. Wote wawili wanaweka dhamana ya kiasi kilekile, ingawa kisima cha nyumba moja katika vilima hivi hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na kisima cha kumwagilia shamba la lozi kule bondeni hupita mbali zaidi ya hapo. Isitoshe, fedha hizo hazikutengwa kwa ajili ya kila mteja peke yake. Ni dola 25,000 kwa leseni nzima, na wote waliodhulumiwa na mwenye leseni huyo wanakwenda kwenye chungu kimoja. Mkandarasi aliyeharibu kisima kimoja kwa bahati mbaya huenda akawa na mdai mmoja. Yule anayeporomoka kibiashara, akachukua malipo ya awali huku na huku kabla ya kuzima simu, huwa na wadai wengi kwa wakati mmoja, na huyo ndiye hasa ambaye mteja anahitaji kulindwa dhidi yake.

Sehemu ya huduma hii iliyonipendeza kuliko zote ni ile isiyohusu fedha. Tovuti ya CSLB ina ukurasa wa kumtafuta mkandarasi kwa jina au kwa namba ya leseni, bila malipo na bila kujisajili. Ukiingiza namba unaona leseni ilitolewa lini na itakwisha lini, iko hai au imesimamishwa, ina madaraja gani, halafu chini yake unaona sehemu ya dhamana yenye jina la kampuni ya udhamini, namba ya dhamana, kiasi chake na tarehe ilipoanza kutumika. Kuna pia kiungo cha historia ya dhamana zilizotangulia, na hapo ndipo pa kukaa kwa utulivu na kikombe cha chai. Mmoja wa wachimbaji walioniletea bei alikuwa na bei nzuri kuliko wenzake na maneno laini zaidi. Leseni yake ilikuwa hai siku hiyo. Historia ilionyesha, hata hivyo, kwamba amebadilisha kampuni za udhamini mara kwa mara, na kwamba kati ya dhamana moja na nyingine palikuwa na mapengo. Dhamana ikifutwa na nyingine isipowekwa, leseni husimamishwa. Kwa hiyo mapengo yale yalikuwa na maana kwamba kwa vipindi fulani hakustahili kuingiza mtambo wake kwenye ardhi ya mtu. Pengine alichelewa tu kulipa ada. Pengine kampuni za udhamini, ambazo kazi yao ni kupima hatari, zilikuwa zimeona jambo ambalo mimi nisingeliona. Vyovyote iwavyo, nilimshukuru nikaendelea na mwingine.

Jambo hili lina uzito zaidi ya linavyoonekana. Kabla ya kumwandikia mtu dhamana, kampuni ya udhamini huangalia mikopo yake na kumbukumbu ya madai yaliyowahi kutolewa dhidi yake. Mteja wa kawaida hana njia ya kufanya ukaguzi huo. Anapoona kwamba mkandarasi amekaa na kampuni moja ya udhamini kwa miaka mingi bila mkatiko, anafaidika na ukaguzi ambao mtu mwingine ameufanya kwa fedha zake mwenyewe, na kwangu mimi faida hiyo inazidi ile ahadi ya dola 25,000.

Upande wa pili, wa nani analindwa na kwa lipi, unahitaji kusomwa taratibu, kwa kuwa sheria imewapanga wadai kwa ngazi. Mwenye nyumba aliyeingia mkataba wa kuboresha nyumba anamoishi na familia yake amepewa nafasi ya mbele. Inatosha aonyeshe kwamba mkandarasi amevunja sheria ya ukandarasi na kwamba yeye amepata hasara. Makosa yanayohusika zaidi na visima ni kuitelekeza kazi bila sababu ya kisheria, kuacha kwa makusudi kufuata viwango vinavyokubalika katika fani, na kushindwa kuimaliza kazi kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Wafanyakazi wasiolipwa mishahara nao wana nafasi yao. Lakini mtu ambaye si mwenye nyumba wa aina hiyo anatakiwa athibitishe kwamba kosa lilifanywa kwa kudhamiria, au kwamba palikuwa na ulaghai, na hata akifaulu, jumla ya madai ya kundi lake haiwezi kuzidi dola 7,500 za dhamana yote. Kiasi kinachobaki kimehifadhiwa kwa wenye nyumba pekee.

Tafsiri yake kwa vitendo ni hii: mkulima wa kaunti ya Fresno au Tulare, anayechimbisha kisima kirefu na cha gharama kubwa cha kumwagilia miti yake, ndiye mwenye ulinzi mdogo kuliko wote. Sielewi mantiki ya kumwachia sehemu ndogo namna hiyo mtu ambaye riziki yake yote imo ndani ya shimo hilo. Najua jibu linalotolewa, kwamba mkulima ni mfanyabiashara na anaweza kuajiri mwanasheria na kudai dhamana maalumu ya mradi. Ni jibu linalomfaa mwenye maelfu ya ekari. Kwa mwenye ekari chache, aliyenunua shamba kwa mkopo na kupanda zabibu, halina msaada mkubwa.

Kinachowashangaza wengi, na ambacho wachimbaji waaminifu hukisema wazi tangu siku ya kwanza, ni kwamba dhamana hii haihusiani na kupatikana kwa maji. Katika vilima vya Sierra Nevada tunachimba kwenye mwamba wa matale, ambao wenyewe hauhifadhi maji. Maji yapo katika nyufa, na nyufa hazifuati mipaka ya viwanja. Jirani yangu ana kisima cha kina cha wastani kinachotoa maji ya kutosha nyumba yake na bustani, na hatua chache kutoka kwenye uzio wake kuna shimo refu zaidi lililotoa vumbi tu. Mchimbaji anauza futi, hauzi maji. Mkataba wangu ulisema hivyo kwa maneno yasiyo na utata: bei kwa kila futi ya kuchimba, bei nyingine kwa kila futi ya kesingi, yaani bomba la kuzuia kuta za shimo zisiporomoke, na sentensi iliyoeleza kwamba mkandarasi hatoi ahadi yoyote kuhusu wingi wala ubora wa maji. Shimo kavu lililochimbwa kwa kufuata viwango ni kazi iliyokamilika mbele ya sheria, na mwenye shimo hilo hana dai dhidi ya dhamana.

Kwa hiyo swali la maana ni viwango vyenyewe, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua kama kuna kosa. Viwango vya visima vya California vimo katika taarifa za Idara ya Rasilimali za Maji ya jimbo za mwaka 1981 na nyongeza yake ya mwaka 1991, na kaunti ndizo zinazovisimamia kwa kutoa vibali na kutuma wakaguzi. Kisima kinatakiwa kuwa angalau futi 100, kama mita 30, kutoka kwenye tangi la maji machafu au mifereji yake ya kunyonya, na futi 150 kutoka kwenye shimo la kunyonyea maji taka ardhini. Uwazi ulio kati ya kesingi na ukuta wa shimo lazima uzibwe kwa saruji au bentonaiti, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, kuanzia juu, na kwa kisima cha nyumba moja muhuri huo haupungui futi 20 kwenda chini.

Muhuri huo ndio moyo wa kazi yote, na ndio unaofichika upesi kuliko chochote kingine. Siku ulipofanyika kwangu, kazi ya mtambo ilikuwa imekwisha, kompresa imezimwa, na mtu asiyejua angedhani tumemaliza. Mchimbaji aliteremsha bomba jembamba katika uwazi ule mpaka chini, akaanza kusukuma uji wa saruji ili upande kutoka chini kwenda juu ukiyasukuma nje maji machafu yaliyokuwamo, huku akiliinua bomba kidogo kidogo. Mkaguzi wa kaunti alisimama akihesabu mifuko iliyofunguliwa na kulinganisha na ujazo uliotarajiwa, na hakuondoka mpaka saruji ilipoonekana juu ya ardhi. Mchimbaji mvivu angemwaga saruji kutoka juu kwa ndoo, ikakwama njiani ikaacha pango, na mvua za kwanza zingeyashusha maji ya zizini moja kwa moja hadi kwenye maji ya kunywa. Kosa la namna hiyo ni kuacha viwango vya fani, na linaweza kudaiwa kwenye dhamana. Lakini nani angelithibitisha miaka miwili baadaye, ikiwa hakuna aliyesimama pale siku ile? Kibali cha kaunti kilinigharimu fedha na kunichelewesha, na sijutii.

Baada ya kazi, mkandarasi anatakiwa awasilishe kwa jimbo ripoti ya ukamilishaji wa kisima katika siku 60. Ripoti hiyo inaeleza tabaka za udongo na mwamba kwa kina chake, kipenyo cha shimo, aina ya kesingi, mahali palipotobolewa ili maji yaingie, kina cha muhuri na kiasi cha maji kilichopimwa. Zamani ripoti hizi zilikuwa siri, lakini kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2015 sasa zinapatikana kwa umma. Nashauri kila mteja asome ripoti za visima vya jirani kabla ya kuomba bei, kisha adai nakala ya ripoti yake mwenyewe kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya fedha. Mtu akija kudai dhamana, karatasi hiyo, yenye saini ya mkandarasi mwenyewe, ina nguvu kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Nililishuhudia hilo kwa jamaa zangu, mume na mke wenye asili ya Mombasa, wanaoishi kwenye uwanda wa bonde ambako ardhi ni mchanga na udongo wa mfinyanzi. Kisima chao kilianza kutoa mchanga wiki chache baada ya pampu kushushwa. Kwanza uliziba vichujio vya mabomba ya nyumbani, kisha ukaila pampu yenyewe. Mkandarasi alikuja mara ya kwanza, akasema kisima kipya lazima kijisafishe, kisha akaacha kupokea simu. Walimlipa mchimbaji mwingine ateremshe kamera, na katika picha zile tuliona kwa macho yetu mchanga ukimiminika ndani kupitia matundu ya kesingi kama unga kwenye chekecheke, mahali ambapo ripoti ilidai kwamba pana changarawe ya kuchuja nyuma ya bomba. Aliyekuwa na kamera akatuandikia maelezo ya ukurasa mmoja, bila mapambo: matundu ni makubwa mno kwa mchanga wa eneo hili, na changarawe haikufika kina hicho.

Walilalamika CSLB, kisha wakapeleka dai kwa kampuni ya udhamini. Hapa niwaonye wasomaji, kwa sababu nimeona watu wakipoteza muda: hizo ni njia mbili tofauti. Bodi inashughulika na leseni na nidhamu. Fedha za dhamana hudaiwa kwa barua inayopelekwa kwa kampuni ya udhamini yenyewe, kwa kutumia namba ya dhamana iliyokuwa hai wakati kazi ilipofanyika, wala si ile iliyopo leo kama mkandarasi amehama. Kampuni ilijibu kwa heshima na kwa upole wa kuchosha. Ilitaka mkataba, nakala za hundi zilizolipwa, kibali, ripoti, picha, maelezo ya mtaalamu, na makadirio ya gharama ya kurekebisha, ikamwandikia mkandarasi na kumpa nafasi ya kujitetea, ikakaa kimya, ikaomba baadhi ya karatasi upya. Baadaye ikajulikana kwamba wapo wadai wengine dhidi ya leseni ileile. Walichopata mwishoni kilitosha kununua pampu mpya na kulipa sehemu tu ya kazi ya kuingiza bomba jembamba la kuchuja ndani ya kesingi. Sikuona ulaghai katika mwenendo wa kampuni ile, kwa hiyo siitaji jina. Ilifanya kila ilichotakiwa kisheria na si zaidi ya hapo. Lakini mwaka huo familia ile iliishi kwa maji ya tangi la kuletewa na lori.

Kinachomlinda mteja vizuri kuliko dhamana ni kutokutoa fedha mapema. Sheria ya California inamkataza mkandarasi, katika mikataba ya kuboresha nyumba ya kuishi, kupokea malipo ya awali yanayozidi asilimia 10 ya bei ya mkataba au dola 1,000, kiasi chochote kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, na malipo yanayofuata hayapaswi kuitangulia kazi iliyofanyika. Kwa kisima cha makumi ya maelfu ya dola, maana yake ni dola 1,000 na basi. Wapo walioruhusiwa kuomba zaidi, nao ni wakandarasi waliokwishaweka kwa msajili wa CSLB dhamana kubwa ya utekelezaji na malipo inayofunika mikataba yao yote, na mpangilio huo naona una hekima: anayetaka kushika fedha nyingi za watu aweke kwanza ulinzi unaolingana nazo. Mchimbaji aliyenijia na sababu ya kutaka nusu ya bei ili akanunue mabomba alikuwa ameshajieleza vya kutosha.

Mteja mwenye mradi mkubwa anaweza pia kuomba dhamana ya utekelezaji kwa mkataba wake peke yake. Hiyo ni bidhaa nyingine kabisa. Kiwango chake ni bei ya mkataba, mnufaika wake ni mteja huyo tu, na mkandarasi akishindwa, kampuni ya udhamini inawajibika kuona kazi inamalizika au fedha zinalipwa. Gharama yake hupandisha bei, na wachimbaji wadogo wengi hawakubaliwi kuipata. Miradi ya umma, kama visima vya shule na vya wilaya za maji, ina masharti yake: kwa kazi ya ujenzi inayozidi dola 25,000 mkandarasi lazima aweke dhamana ya malipo inayowalinda wafanyakazi na wauza vifaa. Kwa nyumba ya mtu binafsi sijaona sababu ya kuingia gharama hiyo, ikiwa ratiba ya malipo imeandikwa vizuri.

Kwa kuwa wengi wetu tulioko huku hutuma fedha za kuchimbisha visima nyumbani, niliulizwa kama dhamana ya aina hii inaweza kuigwa kule. Tanzania kampuni ya kuchimba inahitaji leseni ya Wizara ya Maji, na kibali cha kuchimba hutoka kwa bodi ya bonde husika kati ya mabonde 9. Kenya idhini hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Dhamana ya utekelezaji ya benki au kampuni ya bima ni jambo la kawaida katika zabuni za serikali za nchi zote mbili, kwa hiyo wachimbaji wakubwa wanaijua vizuri. Kwa kisima kimoja cha familia, ningeanza na yale yasiyohitaji kampuni ya udhamini: malipo kwa hatua, kumbukumbu ya tabaka za udongo kwa kila mita, jaribio la pampu la saa nyingi mbele ya shahidi wa familia, kipimo cha maabara, na sehemu ya fedha inayozuiwa mpaka kisima kipite msimu mmoja wa kiangazi. Bwana mmoja wa Moshi aliniambia kwamba fundi mzuri atachukizwa na masharti hayo. Fundi wangu hakuchukizwa. Alisema anapenda kufanya kazi na mtu anayejua anacholipia.

Kama ningepewa nafasi ya kuirekebisha huduma hii, ningeanza na kiwango. Daraja la C-57 listahili dhamana yake, tofauti na ya mpaka rangi, kwa sababu kisima kilichozibwa vibaya hakimwumizi mwenye nyumba peke yake. Kinachafua maji yanayonywewa na jirani ambaye hakusaini mkataba wowote. Kisha ningefuta ngazi ile ya dola 7,500 kwa mashamba madogo. Kampuni ya udhamini ikilipa dai inatakiwa kuiarifu bodi katika siku 30, na taarifa hiyo ningeitaka ionekane waziwazi kwenye ukurasa wa leseni, kwa lugha ambayo mtu asiye mwanasheria ataielewa.

Kwa aliye na dai sasa hivi, muda ni huu: kesi dhidi ya dhamana ifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu kuisha kwa kipindi cha leseni ambacho kosa lilitendeka. Tafuta tarehe hiyo kwenye ukurasa wa leseni, iandike juu ya jalada lako, kisha tuma barua kwa kampuni ya udhamini kwa njia ya posta yenye risiti ya kupokelewa, ukiambatisha nakala za karatasi na kubaki na zile halisi.